Homa ya ini B: kwa nini kidonge kimoja na si viwili?

Swali kutoka kwa msomaji wa Usa River, Arusha:

"Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 41, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka juzi alikwenda kumchangia damu mjomba wake, akaambiwa ana homa ya ini B. Akarudia kipimo baada ya miezi saba, bado ipo. Sasa ana miezi 14 anameza tenofovir, kidonge kimoja kwa siku. Virusi vilikuwa 1,200,000, vimeshuka hadi 340, ila havijaisha. Jirani yetu anayekwenda CTC (kliniki ya UKIMWI) ana dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, na wagonjwa wa kifua kikuu wanapewa dawa nne. Kwa nini mume wangu apewe moja? Muuzaji wa duka la dawa katuambia moja haitoshi, tuongeze lamivudine, na boksi tumeshanunua. Wifi yangu ni muuguzi Ujerumani, yeye anasema kuna sindano za interferon zinazochanganywa na vidonge na watu wanapona kabisa. Tushike lipi? Vipimo vyake vya kabla ya kuanza dawa: AST 58, chembe sahani 172."

Marahaba, dada. Nianze na jibu lenyewe, maana najua boksi liko mezani na mnangoja kujua kama aimeze leo usiku. Lamivudine msimwongezee. Haitamdhuru sana, lakini hakuna kazi itakayoifanya ambayo tenofovir haiifanyi tayari. Shemeji aendelee na kidonge chake kimoja, kila siku. Kutoka 1,200,000 hadi 340 kwa kila mililita ya damu ni kushuka zaidi ya mara 3,500. Hayo ni matibabu yanayokwenda vizuri.

Sasa nieleze, kwa sababu hoja yako ya dawa tatu na dawa nne ni ya haki kabisa, na wanaoiuliza ni wengi kuliko unavyodhani, wakiwemo wanafunzi wa udaktari.

Kwenye kifua kikuu, mgonjwa hubeba vimelea wengi sana, na miongoni mwao huwa wamo wachache wenye usugu wa asili kwa dawa hii au ile. Ukimpa dawa moja, unaua wanyonge na kuwaachia uwanja wale sugu. Virusi vya UKIMWI navyo hukosea sana vinapojinakili, na kila kosa linaweza kuwa njia ya kuikwepa dawa. Mpe mtu lamivudine peke yake na usugu utakuja ndani ya wiki chache. Ndiyo maana kwenye magonjwa hayo mchanganyiko ni sharti.

Homa ya ini B nayo iliwahi kutibiwa kwa hofu hiyo hiyo, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lamivudine ilipoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1998, ilikuwa dawa ya kwanza ya kumeza iliyofanya kazi. Wagonjwa walifurahi, madaktari walifurahi, kisha virusi vikaanza kurudi. Baada ya mwaka mmoja, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa na kirusi sugu. Baada ya miaka mitano ilikuwa karibu 70 kati ya 100. Ikaja adefovir mwaka 2002, dawa dhaifu ambayo madaktari wengi waliiongeza juu ya lamivudine kwa matumaini kwamba wawili watazibiana pengo. Wakati ule ushauri wa "moja haitoshi" ulikuwa sahihi. Muuzaji wenu wa dawa hakuutoa hewani, isipokuwa umepitwa na wakati.

Kilichobadili mambo ni dawa mbili. Entecavir iliidhinishwa mwaka 2005, na tenofovir, ambayo tayari ilikuwa ikitumika kwa UKIMWI tangu 2001, ikaidhinishwa kwa homa ya ini B mwaka 2008. Kwa mtu ambaye hajawahi kugusa lamivudine, usugu wa entecavir baada ya miaka mitano ulionekana kwa kama mtu mmoja tu kati ya 100. Kwa tenofovir, wagonjwa wa majaribio makubwa walifuatiliwa miaka minane na hakuna hata mmoja aliyethibitika kuwa na usugu.

Ilikuwaje dawa moja iweze hapa wakati kwenye UKIMWI haiwezi? Kirusi cha homa ya ini B kina maandishi mafupi mno ya vinasaba, herufi kama 3,200 tu, na kwa uhaba huo sehemu moja ya maandishi inasomwa kwa namna mbili. Kipande kinachotengeneza kimeng'enya cha kunakili, ambacho ndicho dawa inakilenga, ndicho hicho hicho kinachotoa ganda la nje la kirusi. Kirusi kikibadili herufi ili kuikwepa dawa, kinaweza kuwa kimeharibu ganda lake au kimedhoofisha unakili wake chenyewe. Kuikwepa lamivudine kunahitaji badiliko moja la msingi, basi. Kuishinda tenofovir kunahitaji mabadiliko kadhaa kwa pamoja, na kirusi chenye mabadiliko yote hayo hakifiki mbali.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kuchanganya, yaani kuzuia usugu, kwa tenofovir haipo. Inabaki sababu ya pili, ile iliyo moyoni mwako: kupona kabisa.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Kirusi hiki kikiingia ndani ya seli ya ini, huweka kwenye kiini chake duara dogo la DNA, na duara hilo hukaa humo muda wote seli ikiwa hai. Kutoka hapo hutolewa nakala, na nakala ndizo zinazogeuzwa kuwa virusi vipya. Lamivudine, entecavir, tenofovir na emtricitabine (ndugu wa lamivudine) zote hufanya kazi mahali pamoja: huzuia kile kimeng'enya kisikamilishe nakala. Duara lenyewe haziligusi. Ni sawa na mgomba wa kihamba: uukate majani kwa panga moja au mapanga mawili, tunguu liko chini ya udongo na litachipua tena. Ukiongeza lamivudine juu ya tenofovir umeongeza panga la pili, butu kidogo, kwenye jani lile lile.

Na hili halikuachwa kwenye nadharia, limepimwa kwa watu. Wagonjwa 379 ambao hawakuwahi kutibiwa waligawanywa: wengine entecavir peke yake, wengine entecavir na tenofovir pamoja, kwa karibu miaka miwili. Waliofikia kiwango cha virusi kushuka chini ya kipimo walikuwa asilimia 76 kwa dawa moja na 83 kwa dawa mbili, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuitwa tofauti. Kulikuwa na nafuu kwa wale walioanza na virusi vingi kupindukia, zaidi ya milioni 100 kwa mililita. Shemeji alianza na milioni moja na kitu, hayumo katika kundi hilo.

Jaribio jingine linanivutia zaidi kwa sababu lilichukua wagonjwa 280 ambao tayari walikuwa na virusi sugu kwa lamivudine, watu ambao kila daktari angetamani kuwalinda kwa dawa mbili. Nusu walipewa tenofovir peke yake, nusu tenofovir na emtricitabine. Baada ya wiki 96, asilimia 89 wa dawa moja na 86 wa dawa mbili walikuwa wamedhibitiwa. Ikiwa hata kwa watu hao dawa ya pili haikuongeza kitu, kwa shemeji itaongeza nini?

Nihamie kwa wifi yako, kwa sababu alichosema si uzushi. Interferon haifanani na vidonge. Ni sindano, siku hizi ya mara moja kwa wiki kwa wiki 48, na inachochea kinga ya mwili imshambulie adui. Kwa kuwa inapiga sehemu nyingine, kuichanganya na kidonge kuna mantiki zaidi kuliko kuchanganya vidonge viwili. Mwaka 2005 yalichapishwa majibu ya wagonjwa 814: wengine sindano peke yake, wengine sindano na lamivudine, wengine lamivudine tu. Wakati wa matibabu, mchanganyiko ulishusha virusi kuliko vyote. Lakini miezi sita baada ya kuacha, waliopata badiliko linalotafutwa la kinga walikuwa asilimia 32 kwa sindano peke yake, 27 kwa mchanganyiko, na 19 kwa lamivudine. Ile nguvu ya ziada ilikuwa imeyeyuka.

Pengine wifi anazungumzia jaribio la baadaye lililochapishwa mwaka 2016, la tenofovir na interferon kwa pamoja. Hilo lilionyesha kitu kweli. Walioipata miezi kama 11 walipoteza HBsAg, alama ya kirusi kwenye damu, kwa asilimia 9. Tenofovir peke yake katika muda huo haikumtoa hata mmoja, na sindano peke yake ilitoa karibu 3 kati ya 100. Kisayansi ni hatua. Ila sisi tunaokaa na mgonjwa lazima tuisome na upande wake wa pili: watu 91 kati ya 100 walichoma sindano karibu mwaka mzima na HBsAg ikabaki pale pale.

Na sindano hiyo si maji. Huleta homa na kuumwa mwili mzima kila inapochomwa, hasa mwanzoni. Hushusha chembe nyeupe na chembe sahani, huvuruga tezi ya shingo, na huweza kumtumbukiza mtu kwenye sonona nzito. Mwenye ini lililokwisha kushindwa kazi haruhusiwi kabisa kuitumia, inaweza kummaliza. Inahitaji damu ipimwe mara kwa mara na daktari aliye karibu. Kwa fundi anayeshinda juani na mashine ya kuchomelea, aliye na ini lenye dalili za makovu (nitalifikia hili) na ambaye kidonge kinamfaa, mimi nisingeianza. Mwambie wifi kwa heshima zote kwamba kule aliko kuna wagonjwa wanaochaguliwa kwa makini kupewa sindano hiyo, na hata huko wengi wanameza kidonge kimoja.

Mchanganyiko wa interferon na telbivudine, kidonge kingine cha homa ya ini B, ningependa autaje mtu yeyote tu ili nimzuie. Wagonjwa waliharibika mishipa ya fahamu ya miguu na mikono kiasi cha jaribio kusimamishwa. Dawa mbili zilizo salama kila moja peke yake zinaweza kuwa hatari zikikutana, na hiyo ndiyo sababu sipendi kabisa ushauri wa "ongeza hii" unaotolewa dirishani bila faili la mgonjwa.

Dawa zenye matumaini zaidi ziko kwenye majaribio bado. Zipo zinazovuruga ganda la ndani la kirusi, zipo zinazonyamazisha nakala zake za RNA, zipo za kuamsha kinga iliyochoka. Kila moja inapiga mahali pake, kwa hiyo siku tiba ya kuponya ikipatikana, nadhani itakuwa mchanganyiko. Lakini si mchanganyiko ulio dukani leo.

Sasa, pamoja na yote niliyosema, kuna watu ambao mimi mwenyewe nawapa zaidi ya dawa moja, na wa kwanza ni mwenye homa ya ini B na virusi vya UKIMWI kwa pamoja. Huenda jirani yenu ni wa hivyo, au ana UKIMWI tu. Si letu kuchungulia. Kidonge cha CTC kina tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mbili za kwanza zinapiga virusi vyote viwili, ya tatu ni ya UKIMWI. Mtu huyo akipewa tenofovir peke yake kwa ajili ya ini, bila kujua ana UKIMWI, ini litapona huku virusi vya UKIMWI vikijifunza kuishinda tenofovir. Entecavir peke yake ina kosa hilo hilo. Kwa hiyo nauliza bila kuzunguka: shemeji alipimwa UKIMWI kabla ya kuanza dawa? Alipochangia damu bila shaka damu yake ilipimwa, ila hiyo ni mwaka juzi. Kama faili halionyeshi kipimo cha kabla ya dawa, arudie wiki hii. Hili lina uzito kuliko suala zima la lamivudine.

Wa pili ni wale waliofika kliniki wakakuta tenofovir ya peke yake imekwisha. Hutokea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 unaruhusu wazi kwamba mahali ambapo tenofovir pekee ni adimu, mgonjwa wa homa ya ini B asiye na UKIMWI apewe kidonge chenye tenofovir na lamivudine, au tenofovir na emtricitabine. Sababu ni ya stoo: vidonge hivyo vya pamoja hutengenezwa kwa wingi kwa ajili ya UKIMWI na hupatikana kwa urahisi. Hivyo shemeji akipewa siku moja kopo la mchanganyiko, asikatae wala asidhani ugonjwa umepanda daraja. Ila hapo anaacha lile la tenofovir tupu. Nimeona mgonjwa wa CTC akipewa kidonge chake cha tatu-kwa-moja, kisha kliniki ya ini ikamwandikia tenofovir nyingine, naye kwa utii akameza zote mbili kila usiku. Hiyo ni dozi maradufu, na inayolipa ni figo. Vivyo hivyo lamivudine na emtricitabine hazimezwi pamoja. Ni ndugu wa tumbo moja.

Wa tatu ni waliokaa na lamivudine peke yake miaka ya nyuma. Wengi wao nawahamishia tenofovir tupu, kwa sababu ya lile jaribio la watu 280. Kwao entecavir ndiyo isiyofaa, kwani usugu wake huwapata kama nusu yao ndani ya miaka mitano. Kisha kuna wenye homa ya ini D, kirusi kinachoishi kwa mgongo wa B, ambacho tenofovir haikigusi. Hao wana habari yao.

Turudi kwenye 340, kwa sababu naona ndiyo inayokunyima usingizi. Mwongozo wa wataalamu wa ini wa Marekani wa 2018 unasema mtu aliye kwenye entecavir au tenofovir, mwenye virusi vichache vilivyobaki chini ya 2,000, aendelee na dawa ile ile moja. Wengine huchukua miaka miwili au mitatu kufikia "havionekani". Kabla ya kufikiria kitu kingine chochote, mimi huuliza kama dawa inamezwa. Sisemi shemeji anadanganya. Nasema kwamba kliniki, mtu akiapa kwamba hajakosa hata siku, namwomba amimine kopo lake mezani. Kopo ni vidonge 30. Aliyelifungua tarehe 1 akaja tarehe 29 asubuhi, kabla ya kumeza cha siku hiyo, anatakiwa abaki na viwili. Nimehesabu tisa, nimehesabu kumi na moja, na mwenye kopo akashangaa pamoja nami. Kwa kawaida zilizokosekana ni siku za safari, za msiba, na za kuchelewa site. Tenofovir inamezwa na chakula au bila chakula, kwa hiyo aifungamanishe na kitu asichokikosa, kama chai ya asubuhi. Entecavir ingekuwa na masharti zaidi: saa mbili baada ya kula na saa mbili kabla ya kula tena.

Kinachonifanya nisitishike na 340 lakini nisilegee pia ni zile namba mbili ulizoambatanisha. Ukizipanga vizuri zinasema kitu. Chukua AST yake (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu), 58, gawa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara, ambacho mara nyingi ni 40: unapata 1.45. Zidisha kwa 100, ni 145. Gawa kwa chembe sahani, 172. Jibu ni 0.84. Kipimo hiki kinaitwa APRI, na uzuri wake ni kwamba kinahitaji kalamu na damu ya kawaida tu. Katika mwongozo wa 2024, zaidi ya 0.5 kwa mtu mzima inaashiria makovu ya maana kwenye ini, na zaidi ya 1 inaashiria ini linaloelekea kusinyaa au lililokwisha kusinyaa. Shemeji alikuwa katikati. Kwa hiyo kuanzishwa dawa kulikuwa haki yake, na kuacha kwake kutakuwa hatari kubwa. APRI hukosea mara nyingine, lakini ikirudiwa sasa na ikawa imeshuka, mtakuwa na habari njema isiyo na gharama kubwa. Akipata nafasi ya kipimo cha ugumu wa ini kwa mashine, kitaongeza uhakika.

Kuacha dawa ndiko ninakokuogopa zaidi kuliko kutochanganya. Tenofovir ikikatwa ghafla, virusi hurudi ndani ya wiki au miezi, kinga inavirukia kwa hasira, na ini lenye makovu linaweza kushindwa katika vita hivyo. Mtu anaanza na uchovu, macho yanageuka njano, tumbo linajaa maji. Tulio mikoa hii hatujasahau mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe, na waliokuwa kwenye dawa za kudumu wakaziacha. Mwenye kutaka kuombewa aombewe, na kidonge akimeze.

Figo. Tenofovir inaweza kuzichosha taratibu, kwa hiyo kreatinini na mkojo vipimwe angalau mara moja kwa mwaka. Na kwa kuwa shemeji ni fundi, niulize hili: mgongo ukimuuma anameza nini? Mafundi wengi hujinunulia diklofenaki kama pipi. Diklofenaki juu ya tenofovir kwa miezi mfululizo ni njia ya haraka ya kuharibu figo. Atumie parasetamoli kwa kiasi, na mgongo wenyewe ukaangaliwe.

Saratani ya ini kwa Mwafrika mwenye ugonjwa huu huja mapema, hata kabla ya miaka 40, na dawa hupunguza hatari bila kuifuta. Kwa hali ya shemeji ningempiga ultrasaundi kila miezi sita. Kama baba yake, kaka au dada yake aliwahi kuugua ini, mwambieni daktari, hiyo inabadilisha uzito wa kila kitu. Pombe aiache, mbege nayo ni pombe, msidanganyane kwamba ni chakula. Mahindi na karanga zilizoota ukungu msizile wala msizisage, kwa sababu sumukuvu na kirusi hiki vikikutana kwenye ini moja hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi.

Lile boksi la lamivudine mlirudishe dukani kama watakubali. Wakikataa, lisigawiwe kwa mtu yeyote kama "dawa ya ini". Mwenye homa ya ini B akiipata peke yake atapata nafuu ya mwaka, kisha usugu.

Kuna jambo ambalo hukuuliza. Wewe na watoto mmepimwa? Kirusi hiki hupita kwenye damu na kwenye ndoa, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto wakati wa kuzaliwa. Hakipiti kwenye sahani moja wala kwa kushikana mikono, kwa hiyo msimtengee kikombe. Wembe na mswaki ndivyo vya kutengwa. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa kwenye chanjo za watoto hapa Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo watoto waliozaliwa baada ya hapo na kadi zao zimejaa huenda wana kinga, lakini wapimeni HBsAg hata hivyo. Wewe omba vipimo viwili, HBsAg (alama ya kirusi) na anti-HBs (alama ya kinga). Vyote vikiwa hasi, choma chanjo tatu: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi sita, na katikati ya muda huo mtumie kondomu. Mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya mwisho pima tena anti-HBs. Ikifika 10 au zaidi, umekingwa. HBsAg yako ikiwa chanya, usimeze vidonge vya shemeji. Nenda na majibu yako kliniki ile ile anayotibiwa yeye, wakufungulie faili lako.